Tumpime Chaza Kabla ya Mgonjwa

Mgonjwa aliyekula chaza wachafu anapofika kwangu akiharisha, tumekwisha kuchelewa. Chaza wa kwenye mizizi ya mikoko hahami. Maji yakijaa huyachuja apate chakula, na uchafu hubaki mwilini mwake. Ndiyo sababu Marekani ilianza mwaka 1986 kuwapima kome na chaza wa pwani zake. Nasi Mombasa tuwapime kila msimu, hasa sasa bahari inapozidi joto, kwani viini vya jamii ya kipindupindu hustawi katika maji ya vuguvugu. Msomaji, wapike chaza wako waive barabara. Lakini kumbuka: moto huua viini, hauondoi madini ya risasi wala zebaki. Hayo hugunduliwa kwa kipimo tu.