Pumu ya Askari Mzee Si Aibu

Chuoni tulifunzwa kwamba askari halalamiki, nasi tukawafunza wengine. Funzo hilo lafaa vitani, lakini limewadhuru wazee wetu. Wengi waliostaafu hukohoa usiku, kifua kikipiga filimbi, nao husema, "Ni uzee tu." Sivyo. Huenda ni pumu, na pumu yaweza kumwanza mtu hata baada ya miaka 60.

Dawa ya kupuliza ya salbutamol hufungua njia za hewa kwa saa chache. Haiondoi uvimbe ulio ndani. Tangu 2019 wataalamu wa dunia hushauri mtu mzima asiitegemee hiyo peke yake, bali apewe pia steroidi ya kuvuta, kisha asukutue kinywa. Tena mzee amtajie daktari dawa zake zote, maana baadhi ya zile za moyo na shinikizo la damu hubana kifua. Moshi wa kuni na sigara navyo viepukwe.

Ndugu askari na polisi, mlinzi hodari hamngoji adui langoni. Mpelekeni afande wenu mzee hospitalini mapema, kabla ya usiku wa kukosa pumzi.