MAMA, TURUBAI LAKO LINAMFUNIKA MTOTO AU LINAMPIKA?

SEHEMU YA 1

Wamama wenzangu wa Korogwe, Handeni, Mkata, Segera, Mombo na popote mnaponisoma, leo sitaongelea chanjo wala uji wa lishe. Naongelea turubai. Lile lile unalolifunga ubavuni mwa kirikuu siku ya gulio, mitumba umeipanga chini, na mwanao umemlaza kwenye boksi nyuma yako.

Nina sababu. Novemba iliyopita, siku ya gulio, nikiwa zamu, waliletwa watoto wawili ndani ya saa moja kutoka uwanja mmoja. Wa kwanza binti wa miaka minne, paji la uso limepasuka. Ulikuja ule upepo wa kutangulia mvua, ukanyanyua turubai, mti uliokuwa umelishikilia ukamshukia. Nilimshona nyuzi tano. Wa pili kichanga wa miezi minne. Huyo hakupigwa na kitu. Alikuwa amelala chini ya nailoni nyeusi tangu saa nne asubuhi. Kaletwa anachemka, midomo imekauka, nepi kavu, ziwa analikataa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tukamvua nguo, tukampangusa maji, tukampepea. Jioni akaanza kunyonya, na mimi ndo nikapumua.

Sasa sikieni yaliyofuata. Kaka mmoja pale nje anasema kwa sauti, "Hivi mama mwenye akili timamu anapelekaje kichanga gulioni?" Na mwenzangu wa zamu, nesi kama mimi, akaitikia kwa kichwa.

Nilikasirika, na bado nimekasirika, ndiyo maana naandika. Ni sisi manesi tunaomwambia mama huyu amnyonyeshe mtoto miezi sita ya mwanzo bila kumpa kitu kingine, hata maji. Kisha tukimkuta kambeba kwenda naye kazini tunamwita mjinga. Asa afanyeje, aliache ziwa nyumbani?

Kosa si kumpeleka mtoto gulioni. Kosa ni kwamba kirikuu imejazwa mafuta, mzigo umelipiwa, ushuru umelipwa, spika imefungwa inapiga muziki, halafu kivuli kimeokotwa.

SEHEMU YA 2

Tuanze na joto, maana hili halina kelele. Upepo utauona. Joto linakuja mtoto akiwa "kalala vizuri".

Kichanga si mtu mzima mdogo. Hatoi jasho la kutosha, mwili wake unapata joto upesi kuliko wako, na hawezi kusogea wala kujifunua. Kwa hiyo ukisema "mbona mimi nipo hapa hapa na sijambo", hujasema kitu.

Nailoni nyeusi ni ya kufunikia mkaa na tofali. Inanyonya jua lote, yenyewe inakuwa moto, na ule moto unaushusha chini kwa aliyelala. Hili turubai la bluu la plastiki ni afadhali kidogo, ila likifungwa chini chini, kimo cha kiuno, limekuwa tanuri la bluu. Bora turubai zito la kitambaa, rangi ya maziwa au udongo, au lile lenye upande wa fedha (upande wa fedha uangalie juu, jamani, si chini kwa kupendeza). Kama huna hata hilo, nyasi na makuti vinalishinda turubai la plastiki, maana hewa inapita. Bibi zetu hawakuwa wajinga.

Kimo ndicho kitu wengi mnakikosea. Turubai likae juu ya kichwa cha mtu mrefu, na pande mbili zinazotazamana ziwe wazi ili upepo uingie huku utokee kule. Jua la asubuhi likiingia kwa ubavu, tundika kanga upande ule mmoja tu, na jua likihama, nawe ihamishe.

Na kanga hiyo hiyo usiifunike juu ya boksi la mtoto. Najua unamkinga na nzi na vumbi la magari. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney kule Australia walipima joto ndani ya vigari vya watoto vilivyofunikwa kitambaa chepesi. Kitambaa kikavu kiliongeza joto ndani. Kilipoloweshwa maji na kukawekwa kifeni kidogo, joto ndani likashuka. Kwa hiyo si uzito wa kitambaa unaomwumiza mtoto, ni hewa iliyosimama. Nzi? Neti ya mtoto ipo.

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi siku ya jua kali, hata asipolia. Ukiona utosi umebonyea, nepi imekaa kavu saa nyingi, mtoto kalegea au anakataa ziwa, funga biashara uje. Akiwa na homa usikae ukasema "ni jua tu". Kwetu huku homa ya mtoto inapimwa malaria kwanza, hayo mengine baadaye.

SEHEMU YA 3

Upepo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa kila mtu anajifanya fundi.

Chukua turubai la mita 4 kwa 6. Hizo ni mita za mraba 24. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao si tufani, ni ule unaopeperusha kofia tu, ukilikuta limesimama kifua wazi unalisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 150. Zaidi ya ndoo saba za maji za lita 20. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Sasa niambie, lile jiwe lako moja la kilo tano pembeni linafanya kazi gani? Linasubiri kurushwa.

Halafu mnafunga kwenye kirikuu. Upande mmoja kwenye bomba la juu la gari, upande wa pili miti miwili ya mkonge imeegeshwa kwenye kopo la mchanga. Mti wa mkonge mkavu ni mwepesi, ndiyo raha yake ukiubeba, na ndiyo ubaya wake, maana unaruka na kwenda kumpiga mtoto wa jirani. Gari nalo lina mwenyewe. Dereva akiitwa "sogeza gari kidogo" anasogeza, kamba inavuta, mti unaanguka. Nimeona kwa macho yangu mama ananyonyesha na gari linaondoka na paa lake. Walicheka watu. Mimi sikucheka.

Nyie wa pembeni ya barabara kuu, kuanzia Mkata mpaka Mombo, kwenu upepo hausubiri mvua. Basi na lori vikipita kwa kasi vinasukuma hewa kwanza, halafu vinaivuta nyuma yao. Turubai linapigwa mara mbili, huku na kule, siku nzima. Kigingi kinalegea kidogo kidogo bila wewe kujua. Rudini nyuma, mbali na lami. Mteja atashuka tu.

Wifi yangu anauza nguo za watoto, na baada ya siku ile ya Novemba tumebadilisha hivi. Turubai lina miguu yake minne, halitegemei gari. Likiguswa na gari ni bahati mbaya, halikufungwa hapo. Fundi wa kuchomelea alitukatia nondo za milimita 12, kila moja sentimita 60, akazikunja kichwa. Tunazigonga zikiwa zimelala, kichwa kikiangalia nje, mbali na turubai, si wima kama mshumaa. Kila mguu una kamba mbili zinazokwenda pande tofauti, na kamba inashuka kwa mlalo, haishuki wima kando ya mti. Kati ya kamba na turubai tumefunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Upepo ukivuta ghafla tyubu inalegea na kurudi, tundu la turubai halichaniki.

Pale ardhi ilipo ngumu nondo haiingii. Tunatumia viroba vya unga vya kilo 25, tunajaza mchanga nusu. Nusu hiyo peke yake inazidi uzito wa ndoo ya maji. Viwili kila mguu, vimefungwa chini kabisa ya mti, visining'inizwe juu vikaja kumbembea mtu kichwani.

Kamba mnaniuliza manila au katani. Sisi watu wa mkonge, zao limeingia Tanga tangu 1893, tunauza katani duniani na tunafunga matenti kwa manila iliyooza kwa jua! Katani haivutiki ovyo na fundo lake halitelezi. Ila ikilowa na kukunjwa mbichi inaoza, kwa hiyo ianike. Manila mpya ni imara pia, lakini ikishaanza kutoa unga mweupe mkononi, itupe. Usimpe jirani.

Na nguzo ya umeme si mti wako. Sitarudia.

SEHEMU YA 4

Mvua kwa kifupi. Turubai lililofungwa tambarare linakusanya maji. Sentimita moja tu ya maji juu ya lile la mita 4 kwa 6 ni lita 240, maana yake kilo 240 juu ya kichwa cha mwanao. Upande mmoja uwe chini kuliko mwingine, maji yatafute njia. Na mvua ikinyesha mnashusha pande zote, mnaingiza jiko la mkaa la chipsi ndani, dereva anaacha injini inanguruma ili spika isizime. Ule moshi wa mkaa na wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtoto hatakohoa. Atalala tu. Jiko nje, injini izimwe, hata kama wimbo ni mzuri.

Sasa baba watoto, nakuja kwako, maana najua simu mnashea. Uliponunua spika ya kirikuu hukuuliza bei mara mbili. Nondo nane na kamba umesema "tutaangalia mwezi ujao". Mteja hanunui kwa sababu ya spika. Ananunua kwa sababu amesimama kivulini dakika kumi anachagua nguo. Kivuli ni duka, bwana. Spika ni makelele.

Na wanaokusanya ushuru. Kila gulio mama anatoa hela yake, anapewa risiti, anageuka, uwanja ni ule ule mweupe hauna mti hata mmoja. Sisemi mjenge soko la ghorofa. Nasema vyuma vya kufungia kamba vichimbiwe chini kwa zege, mistari kwa mistari, na miti ya kivuli ipandwe kabla ya masika. Wamama, mkutano wa kijiji ukiitishwa nendeni, mkae mbele, mbebe risiti zenu mkononi, muulize. Mkiambiwa bajeti haipo, ulizeni hela ya risiti ilikwenda wapi. Swali hilo si matusi.

Yule mwenzangu aliyeitikia kwa kichwa tumeshaongea. Kaniambia hata yeye huduma ya mkoba huwa anawapanga wamama juani, kwa sababu mwembe ni mdogo na meza ya chanjo imekaa kivulini. Nilinyamaza, maana na mimi nimefanya hivyo hivyo. Tumekubaliana meza ndiyo itoke kwanza. Boksi la chanjo lina barafu yake, tutalifunika vizuri na kulisogeza tulipo, wamama wakae mwembeni.

Gulio lijalo sina zamu. Nitakuwepo na wifi upande wa mitumba kuanzia saa moja asubuhi, na nyundo ninayo. Mwenye kiroba kitupu aje nacho, mchanga upo mtoni.