Stesheni Isiyofika Mjini

Tiketi ya Madaraka Express imeandikwa Nairobi. Ukishuka, uko Syokimau, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Umesafiri kilomita 472 kutoka Mombasa ukiwa umekaa kitini, na kama una bahati umewaona tembo wa Tsavo dirishani. Kilomita 20 zilizobaki ndizo zitakazokutoa jasho, maana zina mizigo, zina foleni ya Mombasa Road, na zina dereva wa teksi anayejua vizuri kwamba huna pa kukimbilia.

Kituo kikuu cha usafiri hakipimwi kwa paa lake. Hupimwa kwa hatua anazotembea abiria kutoka chombo kimoja hadi kingine, na kwa dakika anazosubiri hapo katikati. Kwa kipimo hicho, stesheni hii iliyofunguliwa mwaka 2017, ndani ya mradi wa shilingi bilioni 327, ni jengo la kupendeza lililokosea anwani. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Mombasa ni shilingi 1,500. Mwenye mizigo anayekwenda Kikuyu au Kiambu kwa teksi anaweza kulipa fedha hizohizo tena kabla ya kuona mlango wa nyumba yake. Amelipia safari moja mara mbili, na hakuna hesabu ya mafanikio ya reli inayoitaja mara ya pili.

Utetezi wake naujua. Ardhi ya mjini ni ghali. Kupitisha reli pana katikati ya mitaa kungebomoa nyumba na viwanda. Bohari ya makontena iko Embakasi, na mzigo ndio uliojengewa reli. Hoja hii ya mwisho ndiyo ya kweli zaidi, na ingekuwa heshima tuambiwe waziwazi kwamba abiria walipandishwa juu ya mradi wa makontena. Ile ya ugumu wa kupita siikubali. Reli ilipoendelezwa kuelekea Naivasha, iliinuliwa juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita 6 ndani ya mbuga ya Nairobi ili twiga wapite chini. Twiga nawapenda. Ila serikali iliyoweza kumpisha twiga isiniambie ilishindwa kumfikisha Gikomba mama mwenye gunia la nazi.

Halafu ikaja Nairobi Expressway. Ilifunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na imepita katikati kabisa ya mji, kwingi ikiwa juu ya vichwa vya watu. Nafasi ilipatikana, na saruji pia. Mwenye gari na pesa ya kulipia barabara hukatiza mji mzima bila kubadilisha chochote. Mwenye tiketi ya treni huachwa ukingoni. Sijui mpangilio huu uitweje kama si ubaguzi wa kitabaka uliomwagiwa zege.

Utaniambia kuna treni ya kuunganisha. Ipo. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435 na ile ya zamani 1,000, kwa hiyo treni ya njia moja haiwezi kuingia njia nyingine. Abiria hushuka, hubeba, hupanda upya. Hapo sina ugomvi, maana kubadilisha ndiyo kazi ya stesheni popote duniani. Ugomvi wangu ni kwamba safari za treni hiyo ni za kuhesabu. Kituo cha kubadilishia kina maana pale tu abiria asipolazimika kukariri ratiba. Akiikosa treni, nyingine iwe njiani.

Uzito wa kituo cha namna hiyo waulize watu wa Cairo. Metro yao ilianza mwaka 1987, ya kwanza barani Afrika. Njia ya kwanza na ya pili hukutana katika vituo viwili tu, Sadat, chini ya uwanja wa Tahrir, na Al-Shohadaa. Agosti 2013 serikali ilikifunga Sadat kwa sababu za usalama, na hakikufunguliwa hadi Juni 2015. Kwa karibu miaka miwili kila aliyetaka kuhama kati ya njia hizo alisukumwa Al-Shohadaa, abiria wa vituo viwili kwenye ngazi za kimoja. Treni zilikuwa zilezile na reli zilezile. Kilichofungwa ni mlango mmoja wa kati, na jiji zima likahema.

Sisi mlango wetu wa kati tunao tangu reli ilipofika hapa mwaka 1899. Ni stesheni ya zamani, ile iliyouzaa mji wenyewe. Toka getini jioni yoyote utaikuta steji ya Railways: matatu za pande mbalimbali, makanga wakiita, mahindi choma, chai, soksi, laini za simu, watu wakishuka kwenye treni na kupanda gari bila kuuliza njia. Hakuna msanifu anayeweza kujisifu kwa mchoro wake. Ni kituo kikuu kinachofanya kazi, ila wakubwa wakikitazama huona uchafu na msongamano.

Ndiyo maana kila utawala wa jiji hujaribu kuziondoa matatu katikati ya mji. Desemba 2018 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alizipiga marufuku, na Jumatatu asubuhi maelfu wakaingia kazini kwa miguu, wazee na wajawazito wakiwemo. Amri haikudumu hata wiki. Mantiki yake haijafa, kwani baadaye tulijengewa Green Park pembeni kwa fikra ileile, abiria ashushwe nje kisha ajijue. Magari ya watu binafsi, ambayo kila moja hubeba mtu mmoja au wawili na kulala mchana kutwa barabarani, hayakuambiwa yaishie pembeni. Matatu inayobeba watu 33 ndiyo inayoitwa msongamano.

Treni ya Syokimau iende na kurudi mchana kutwa, hata ikiwa na viti vitupu, hadi watu waizoee. Steji ya matatu iwekwe mlangoni pa stesheni ile, ambapo mtu anaweza kuifikia bila kuburuta sanduku juani. Tiketi ya Mombasa imfikishe mtu katikati ya mji bila kulipa tena. Hadi hapo, iandikwe Syokimau. Na Railways wasiihamishe. Waiwekee paa, taa na vyoo vyenye maji.