Hata Konokono Mgonjwa Ni Amana



Wanafunzi wapenzi, napenda kuitumia nafasi niliyopewa katika jarida letu la mwaka huu kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka. Nalo ni kumuuguza konokono. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, maana mimi mwenyewe nilicheka na baadaye nikaona haya.

Wakati wa kiangazi mwanafunzi mmoja wa darasa la pili alikuja chuoni na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na konokono mkubwa, wale tunaowaona migombani wakati wa masika. Alikuwa akimfuga tangu mvua, na jina amempa, Bwana Taratibu. Siku ya nne ile konokono hatoki gambani, hali kitu, na mdomo wa gamba umezibwa kwa utando mweupe mkavu. Mtoto alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Mimi nilikuwa na haraka ya somo. Nikamwambia, "Huyo ameshakufa. Katupe nje, kanawe mikono, urudi ukae." Wenzake wakacheka. Mmoja akasema atiwe chumvi tu, yaishe. Ndipo msichana wa mstari wa nyuma aliponyoosha mkono akauliza, "Ustadhi, umejuaje kama amekufa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoa hukumu bila elimu. Na somo nililokuwa nimelishika mkononi siku ile lilikuwa ni kisa cha Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea kikamfia. Mtume (s.a.w.) alipomkuta mtoto yule ana huzuni hakumwambia kwamba kile ni kindege tu. Alimwita kwa kuniya yake kama anavyoitwa mtu mzima, na akamuuliza habari za kindege chake. Mimi nilikuwa karibu kukisomesha kisa hicho, huku mtoto wa namna hiyohiyo nimemfukuza mlangoni.

Tulimrudisha mtoto na kopo lake, na tukamtafutia mgonjwa elimu. Tulichokipata ni hiki. Konokono huyu, ambaye wataalamu humwita Lissachatina fulica, asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Mwili wake hauwezi kustahimili ukavu. Kukiwa na jua kali hujirudisha ndani ya gamba, akauziba mdomo kwa utando, akalala. Anaweza kulala hivyo kwa miezi akisubiri mvua. Kwa hiyo kujiziba si dalili ya kufa. Aliyekufa hunuka vibaya, na mwili wake ukiwa nje ya gamba hautikisiki hata ukiguswa.

Tukamuuliza mtoto kopo hukaa wapi. Akasema juu ya ukuta wa uani, ili mama asilione. Yaani kutwa nzima juani, ndani ya bati! Ugonjwa wa Bwana Taratibu ulitoka mikononi mwa anayempenda.

Na hapa ndipo penye maoni yangu. Wapo watakaosema konokono ni mharibifu wa mboga, na kwamba watu wana wagonjwa wao wa kuwashughulikia. Sikatai. Mkulima ana haki ya kuilinda bustani yake, na mzazi mgonjwa anatangulia mbele ya kila mnyama. Lakini konokono aliye huru, jua likizidi, hutambaa akajificha chini ya majani au akajifukia kwenye udongo. Uliyemfungia koponi hana pa kwenda. Njia zake zote umezishika wewe. Mnaikumbuka habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake ni kwamba alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe ardhini. Basi udogo wa kiumbe hauondoi dhima. Ukishafunga kifuniko, umechukua amana, na amana haina udhuru wa "sikujua" kwa mtu aliyeweza kuuliza.

Kwa hiyo anayefuga na ajue yafuatayo. Konokono aliyejiziba awekwe kivulini, anyunyiziwe maji ya vuguvugu kidogo kidogo, au alazwe kwenye kisahani chenye maji machache sana yasiyoweza kumzamisha. Utando usibanduliwe kwa kucha, ataufungua mwenyewe. Makazi yake yawe na udongo laini wenye unyevu bila kutuama maji, na matundu ya hewa. Apewe tango, mchicha na majani mabichi, yote yaoshwe vizuri, kwani dawa za kupulizia mboga huweza kumuua.

Gamba lake ni chokaa, na chokaa huipata kwenye chakula. Likiwa jembamba au linamomonyoka, mtwangie maganda ya mayai yaliyooshwa, au mwekee mfupa wa ngisi tunaouokota ufukweni, uliolowekwa ukatoka chumvi. Akianguka akapata ufa mdogo, mara nyingi huuziba mwenyewe kwa kujenga kutoka ndani, mradi apate chokaa, unyevu na utulivu. Usimvute kwa nguvu pale aliponata, maana utamuumiza. Usimpake dawa za binadamu. Na chumvi ni haramu kabisa kumkaribia, kwani humnyonya maji ya mwili mpaka afe.

Huruma yenu isisahau nafsi zenu. Konokono huweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao ukimwingia binadamu huweza kufika kwenye ubongo. Naweni mikono kwa sabuni kila mkimgusa, na vyombo vyake visichanganywe na vya jikoni.

Tena asipelekwe nchi za mbali. Mwaka 1966 mvulana mmoja alirudi Florida, Marekani, kutoka Hawaii na konokono watatu wa aina hii. Bibi yake akawaachia bustanini. Wakazaana mpaka wakapita 18,000, na kuwamaliza kulichukua takriban miaka 10 na gharama ya dola milioni moja. Anayechoka kufuga na amrudishe palepale alipomtoa.

Nimalizie habari ya mgonjwa wetu. Usiku wa kwanza hakukuwa na kitu. Asubuhi ya siku ya tatu utando ulikuwa umeraruka, na pembe mbili ndogo zimechungulia. Darasa zima lilisimama, na siku ile sikuwakemea. Nilimwomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake, na nikamshukuru msichana aliyeuliza.

Bwana Taratibu alikaa nasi chini ya mtungi wa maji kwa wiki kadhaa, akila tango na maganda ya mayai. Mvua za vuli zilipoanza, mtoto aliniambia kwamba amefikiri, na anaona afadhali amrudishe migombani kuliko kumweka tena koponi. Sikumwamuru. Tulikwenda pamoja baada ya sala ya alasiri, akamweka chini ya kuti la mgomba, akasubiri mpaka alipotembea. Kopo alilirudisha kwa mama yake.

Nawaomba na nyinyi, kila mwenye kiumbe nyumbani, akamwangalie leo. Na kama hujui anachougua, uliza.