Kusoma kwa Sauti Si Kufahamu

Hebu msomaji aitazame sentensi hii: "Mabwesa mawili yalivutwanga kidopwa kando ya mrasuko." Sasa ajibu. Mabwesa yalikuwa mangapi? Yalivutwanga nini? Wapi? Bila shaka amepata yote matatu, ilhali sentensi hiyo nimeibuni tu na haina maana hata chembe.

Maandishi ya Kiswahili husomwa kama yaandikwavyo, na viambishi humwonyesha mtoto nani katenda na nini kimetendwa. Kwa hiyo mtoto aweza kusoma kwa ufasaha, akanakili majibu na kuwekewa vema, pasipo kuelewa kitu. Upungufu huo hufichika mpaka afikapo Kidato cha Kwanza, ambako hapa Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Hapo huambiwa kwamba hajui Kiingereza. Pengine ni kweli. Lakini huenda hajapata kamwe kufundishwa kujiuliza habari inasema nini.

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walieleza njia waliyoijaribu kwa wanafunzi wa namna hiyo hasa: waliotamka maneno barabara wakashindwa kufahamu. Mwalimu na wanafunzi walipokezana kuongoza mazungumzo juu ya kila sehemu ya habari, yaani kuifupisha, kuitungia maswali, kufafanua palipo na utata, na kubashiri kitakachofuata. Ufahamu wao ulipanda. Njia hii haihitaji chombo chochote, nami naipendea hilo. Anayemfundisha mtoto mmoja kwa saa moja jioni na asome naye aya mbili tu, aachane na zile kurasa kumi. Zaidi ya yote amtake aieleze aya kwa maneno yake mwenyewe. (Msomaji na ajaribu kuyaeleza mabwesa kwa maneno mengine!)

Hata hivyo mbinu peke yake hazitoshi. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64, huko huko Marekani, habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo waliikumbuka habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ndiyo maana sioni kosa mwanafunzi akizungumza kwanza na mwalimu wake juu ya usanisinuru kwa Kiswahili, ndipo wafungue kitabu cha Kiingereza. Wako watakaosema huko ni kuupoteza muda wa mtihani. Nami nawauliza: mtoto anayekariri asichokielewa, muda wake unakwenda wapi?