Dira Iliyosawazishwa Kando ya Chuma

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Ngujini, kama ilivyo desturi ya Wapare tuliotawanyika mijini. Katika harusi ya jirani, kijana aliyekodiwa kupiga picha alikuja na ndege nyuki. Kioo cha kifaa chake kikamwandikia, kwa Kiingereza, asawazishe dira. Akatii. Alisimama kando ya gari lake, juu ya uwanja wa zege, akaizungusha ndege upesi upesi, kisha akairusha. Hazikupita dakika mbili ndege ikaanza kuzunguka juu ya hema, kila mzunguko ukiwa mpana kuliko uliotangulia, hadi ikaangukia migombani, hatua chache kutoka walipoketi akina bibi. Hakuna aliyeumia. Bibi mmoja akaniuliza: "Baba, kile chombo kilikuwa kinatafuta nini?"

Kilikuwa kinatafuta kaskazini. Ndege nyuki hujua mahali ilipo kwa msaada wa setelaiti, lakini hutegemea dira ya sumaku kujua imeelekea wapi. Usumaku wa dunia ni hafifu. Nondo ndani ya zege, bodi ya gari, bati, hata saa ya mkononi iliyo karibu mno, vyaweza kuupotosha. Dira ikidanganya, ndege inayojaribu kurudi mahali pake hujisukuma upande usio wake, na kadiri inavyojirekebisha ndivyo inavyozidi kupotea.

Ndugu msomaji, zingatia jambo moja: kijana yule hakuruka hatua ya ukaguzi. Aliitimiza, ila mahali pasipofaa. Dira iliyosawazishwa kando ya chuma hulipokea kosa kuwa ndio ukweli, nayo huondoka hapo ikiwa na uhakika kamili. Ni hatari kuliko dira ambayo haikuguswa kabisa.

Milima yetu inadai uangalifu zaidi. Wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma Upare Kaskazini tangu kabla ya ukoloni, wakitumia mchanga mweusi uliokusanywa vijitoni, mchanga unaovutwa na sumaku. Arushaye ndege hapa yampasa achague ardhi aiwekayo. Aidha, kimo cha kurudi nyumbani ambacho rubani hukipanga kwa kawaida hupimwa kuanzia pale iliporukia. Mita 50 zinazotosha kabisa kwenye tambarare ya Same zaweza kuipeleka ndege moja kwa moja kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba. Ongeza upepo wa mabondeni na ukungu unaoshuka ghafla, nawe utaona kwa nini betri, mapanga, idadi ya setelaiti na hali ya hewa si mambo ya kutazamwa kwa jicho moja.

Sisemi haya ili ndege nyuki zipigwe marufuku. Mwaka 2016 vijana wa Zanzibar walianza kuzitumia kupiga ramani ya visiwa vyao. Mwaka 2018 dawa zilirushwa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, umbali wa kilomita 60 hivi, kwa dakika 40. Nasi tuliozika ndugu zetu wa Goha, wilayani Same, baada ya maporomoko ya Novemba 2009, tunajua thamani ya picha ya mteremko iliyopigwa kabla ya masika.

Lakini mwaka huohuo wa 2018, na katika wilaya hiyohiyo ya Ukerewe, kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kubeba abiria wapatao 100, kilipinduka na kuua zaidi ya watu 220. Teknolojia mbili, maji yaleyale. Kinachookoa maisha si upya wa chombo. Ni mtu mwenye mamlaka na ujasiri wa kusema, kabla ya safari: leo hatuondoki.

Tunazo kanuni za ndege zisizo na rubani chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ni jambo jema. Hata hivyo, kibali hutolewa mezani, ilhali ajali hutokea uwanjani. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila anayerusha kwa malipo ajaze orodha ya ukaguzi kabla ya kila safari, aitie saini na kuihifadhi. Pili, orodha hiyo na mafunzo yake viwe kwa Kiswahili, vifundishwe hata katika vyuo vya VETA. Huwezi kumlaumu kijana kwa kubonyeza neno ambalo hakuna aliyemweleza maana yake. Tatu, serikali ya kijiji ijulishwe mapema, kwa kuwa mhatarishwa mkuu ni yule aliyeketi chini, ambaye hakusaini mkataba wowote.

Kwa watumishi wa umma naongeza neno. Mkaguzi anayelala katika nyumba ya wageni ya anayekaguliwa, na kamati inayojichunguza yenyewe, ni dira zilizosawazishwa kando ya chuma. Fomu zimejazwa, mihuri imegongwa, na chombo kinazunguka juu ya vichwa vya watu.

Yule bibi nilimjibu kwamba chombo kilipotea njia. Akatazama gari, akatazama zege, akasema: "Basi kingeanzia kule shambani." Hatua thelathini tu.