UKURASA WA NYUMBA: Ukungu wa Ukutani

Yeyote aliyekaa Tukuyu aijua mvua yake. Huanza Novemba, nayo haiachi mpaka Mei, na kwa mwaka hupita milimita 2,000. Kisha hufuata baridi ya Juni na Julai, kwani mji huo u juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi, na ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe ukafunika migomba na mashamba ya chai. Ndipo majumbani huonekana ukungu wa namna ya pili: madoa meusi pembeni mwa dari, kanzu ya Idi iliyoharibika kabatini, msahafu unaonuka uvundo, na godoro lililoloa upande wa ukutani.

Watu husema, "Ni mvua hiyo." Pengine ni kweli, ikiwa bati lavuja au maji yapanda kutoka msingini, basi kwanza yatazameni hayo. Lakini mara nyingi maji yale tumeyatoa sisi wenyewe. Chungu cha maharage kinachochemka bila kifuniko, nguo mbichi zilizoanikwa chumbani, na pumzi za watoto waliolala pamoja, vyote hutoa mvuke. Mvuke huo ukigusa bati au ukuta wa baridi hugeuka matone, na mahali penye unyevu siku zote ndipo kuvu hustawi. Mtoto mwenye pumu akilivuta vumbi lake huweza kukohoa usiku kucha.

Dawa yake ni kuupa mvuke njia ya kutokea. Fungueni madirisha yanayokabiliana, robo saa asubuhi na robo saa baada ya kupika, hata kukiwa na baridi. Funikeni vyungu. Anikeni nguo barazani, chini ya upenu. Kitanda na kabati viachane na ukuta walau shubiri moja. Jua likitoka, magodoro, mablanketi na miswala vitolewe nje. Madoa yaliyokwisha kuota, jifungeni kitambaa puani na mdomoni, myafute kwa maji ya sabuni, kisha mpakaushe. Wala msiyasugue yakiwa makavu, maana vumbi lake huruka. Na mwenye kupaka chokaa juu ya madoa bila kuondoa unyevu ameyaficha tu, yatarudi.

Limebaki jambo lililo kubwa kuliko yote. Wako wanaoziba kila tundu usiku wa Julai, wakaingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto na ukuta ukauke. Hiyo ni hatari ya mauti. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala huenda asiamke tena. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Basi ongezeni blanketi, jiko libaki nje.

Nanyi vijana, kazi hii msimwachie mama peke yake. Anayefungua dirisha asubuhi na kutoa godoro juani amewahifadhi wadogo zake, na kuhifadhi nafsi ni katika dini.

Wabillahi tawfiq.